Koi hauawi na baridi: kulinda bwawa la uani majira ya theluji

Kila ikifika Oktoba simu yangu hujaa meseji za ndugu walioko huku Minnesota, na wengine wa Michigan na Ontario: "Kaka, hawa koi niwafanyeje? Niwaingize ndani? Ninunue hita gani?" Wengi walinunua nyumba yenye bwawa uani, au walichimba lao kiangazi, wakapendezwa na rangi za samaki hawa wa mapambo, wakatoa pesa. Sasa majani yanapukutika na roho haitulii. Jibu langu huanzia palepale. Koi hauawi na baridi. Huuawa na gesi zilizofungiwa chini ya barafu, na chakula kinachoozea tumboni, na huruma ya mwenye bwawa asiyeweza kukaa miezi mitano bila kutia mkono majini.

Mimi nimekulia Mwanza, ambako samaki ni sato na sangara. Sato, maji yakishuka chini ya nyuzi 10 na yakakaa hapo, ndiyo basi tena. Mtu mwenye picha hiyo kichwani akiona bwawa limefunikwa na barafu anaona kaburi. Lakini koi ni ukoo mwingine kabisa. Ni samaki wa jamii ya karpi, aliyezalishwa kwa ajili ya rangi na wakulima wa mpunga wa Niigata, Japani, tangu karne ya 19. Niigata ni nchi ya theluji. Vijiji vya Yamakoshi, eneo ambalo koi wake walijulikana Japani nzima baada ya maonyesho ya Tokyo ya 1914, hufukiwa na theluji ya mita kadhaa. Na bado wafugaji wa huko hawabahatishi: kila vuli huwavua samaki wao wa thamani kutoka mabwawa ya matope ya milimani na kuwahamishia mabwawa ya ndani. Kwa hiyo damu yao inaijua baridi, ila wenyewe waliowazalisha hawaiachii baridi kila kitu.

Jambo dogo kabla sijaendelea: nyuzi ninazotaja ni za Selsiasi. Vipimajoto vya madukani huku husoma Farenhaiti, basi weka akilini kwamba 50 yao ni 10 yetu, na 39 yao ni 4 yetu. Hizo ndizo namba mbili utakazoishi nazo. Na kipimajoto kiwe cha maji, kishuke kwa kamba hadi chini. Simu yako inakuambia habari za hewa, na samaki hawaishi hewani.

Kina kwanza, vifaa baadaye

Kama bwawa lako lina kina cha sentimita 60, hita haitakuokoa. Anza kufikiria tangi la gereji, nitalifikia.

Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4. Yakipoa zaidi ya hapo yanakuwa mepesi, yanapanda juu, na huko juu ndiko yanakoganda. Bwawa lenye kina cha kutosha hujipanga lenyewe: barafu juu, maji ya nyuzi 1 au 2 chini yake, na sakafuni tabaka la maji yanayokaribia nyuzi 4. Tabaka hilo ndilo blanketi la koi. Hushuka humo wote, wakapunguza mwendo wa mwili, wakangoja.

Sheria za ujenzi za Minnesota zinataka msingi wa nyumba ushuke inchi 42 upande wa kusini na inchi 60 upande wa kaskazini, kwa sababu ardhi yenyewe huganda kwenda chini. Hiyo ni zaidi ya mita moja kusini na mita moja na nusu kaskazini. Kwa bwawa la pande hizi za Minneapolis, mimi sishauri chini ya mita 1.2, na mwenye uwezo afike 1.5. La kwangu lina urefu wa mita 4, upana mita 2.5 na kina cha mita 1.4, zidisha, unapata lita 14,000. Wingi wa maji nao ni kinga, maana maji mengi hupoa polepole na hupata joto polepole, na koi huumizwa zaidi na mabadiliko ya ghafla kuliko baridi yenyewe. Kama uko Marekani, kabla hujaanza kuchimba piga 811. Ni bure, wanakuja kuweka alama mahali yalipopita mabomba ya gesi na nyaya za umeme. Aliyeko London au Seattle, ambako barafu hukaa siku chache tu, anaweza kulala usingizi na sentimita 90.

Kinacholivuruga blanketi hilo mara nyingi ni pampu. Kiangazi pampu hukaa sakafuni, inavuta maji ya chini na kuyarusha kwenye maporomoko, na inapendeza kweli. Ukiiacha ikifanya hivyo Januari, inachukua yale maji ya nyuzi 4, inayapitisha kwenye hewa ya chini ya sifuri, na kuyarudisha bwawani yakiwa yamekaribia kuganda. Baada ya usiku kadhaa wa namna hiyo bwawa zima, juu hadi chini, lina baridi moja. Samaki hawana tena pa kushukia. Utawakuta wamelala ubavu. Isitoshe barafu hujijenga kwenye mawe ya maporomoko, inageuza njia ya maji, na maji yanamwagika nje ya bwawa usiku kucha wakati wewe umelala.

Kwa hiyo maji yakifika nyuzi 10 mimi huzima maporomoko, namwaga maji yote kwenye mabomba, naosha chujio, naingiza ndani ile taa ya mionzi inayoua mwani (kioo chake kikigandiwa na maji hupasuka). Pampu naiweka ndani ya ndoo ya maji kwenye chumba cha chini cha nyumba ili mipira yake isikauke. Mama watoto ameshaizoea.

Tundu kwenye barafu

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo pesa nyingi hupotea bure.

Samaki waliolala chini wanahitaji oksijeni kidogo sana, na maji ya baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko ya moto. Shida ni bwawa likifungwa kabisa. Majani na kinyesi kilichoko sakafuni huendelea kuoza taratibu hata kwenye baridi, na uozo huo hula oksijeni na kutoa kaboni dioksidi, methani, na ile gesi inayonuka yai bovu, salfaidi ya haidrojeni, ambayo ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Maziwa ya kina kifupi ya huku hupoteza samaki wengi katika miaka ya theluji nzito kwa njia hiyohiyo: theluji juu ya barafu inazuia mwanga, mimea ya majini haitengenezi oksijeni, inakufa, inaoza. Ndiyo maana idara ya maliasili ya Minnesota hutoa vibali vya kuweka mashine za hewa kwenye maziwa. Bwawa lako ni ziwa dogo lenye shida ileile, ila halina nafasi ya kukosea.

Unachotaka ni tundu tu, la upana wa sinia, libaki wazi muda wote ili gesi zitoke. Hutaki kupasha maji joto. Nalisisitiza hili kwa sababu ya bili. Kuna hita za kuelea za wati 1,250 ambazo watu hununua wakidhani kubwa ndiyo nzuri. Ikiwaka mfululizo, hiyo ni uniti 30 kwa siku. Ukilipa senti 15 kwa uniti, ni dola nne na nusu kila siku inayokwenda kwa Mungu. Pampu ya hewa ya wati 40 haifiki hata uniti moja kwa siku. Mimi hutumia pampu ya hewa kama kifaa kikuu, na hita ndogo ya wati 300 kwa zile wiki ambazo nje kunafika nyuzi 25 chini ya sifuri na mapovu peke yake hayawezi kushindana na barafu.

Lakini jiwe la hewa, lile la mwisho wa mrija linalotoa mapovu, lisikae sakafuni kama kiangazi. Lipandishe hadi sentimita 30 au 40 chini ya uso wa maji, na uliweke pembeni, mbali na sehemu yenye kina kirefu. Mapovu yakitokea chini kabisa yanafanya kazi ileile ya pampu ya maporomoko, yanavuta maji ya chini kwenda juu. Mimi nimelitundika kwenye ndoano iliyofungwa ukingoni. Chombo chenyewe cha kupuliza hewa nakiweka nje chini ya kasha la plastiki, juu kuliko usawa wa maji ili umeme ukikatika maji yasirudi na kukiharibu. Wengine hukiweka ndani ya nyumba kwa kukihurumia, kisha wanashangaa mrija umeziba. Hewa ya ndani ina unyevu. Ikifika kwenye sehemu ya mrija iliyo nje unyevu unageuka barafu. Hewa ya nje ni kavu. Ukiona mapovu yamepungua, shika mrija kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho, utasikia sehemu iliyo ngumu. Ingiza kipande hicho ndani, kitayeyuka.

Soketi iwe ya nje, ya aina inayojikata yenyewe maji yakiigusa, na usiunganishe nyaya tatu za kurefusha zikapita juu ya theluji.

Na tundu likifunga? Usichukue shoka. Jirani yangu mmoja, mzaliwa wa hapahapa, mtu mwenye nia njema, nilimkuta anapiga barafu ya bwawa lake kwa nyundo ya kuvunjia mawe. Karpi ana mifupa midogo inayounganisha kibofu chake cha hewa na sikio la ndani, kwa hiyo husikia kuliko samaki wengi. Kila pigo linamfikia pale alipo, na yeye hana nguvu ya kukimbia wala mahali pa kwenda. Chukua sufuria, itie maji ya moto, iweke juu ya barafu itulie. Ikipoa, ibadilishe maji. Usimwage maji hayo bwawani. Inachosha, vidole vinaganda, lakini baada ya muda sufuria inaanza kuzama yenyewe na unabaki na duara safi. Funga kamba kwenye mkono wa sufuria kabla hujaanza.

Barafu ikiwa safi, futa theluji sehemu moja kwa ufagio laini, lala kifudifudi ukingoni usiku, umulike na tochi kutoka pembeni, si moja kwa moja machoni mwao. Utawaona chini wamepangana, wote wameelekea upande mmoja, mapezi yamebana mwilini. Tazama shavu la mmoja tu. Linafunguka, unahesabu, unahesabu, hadi unaanza kuogopa, kisha linafunguka tena. Yule Chagoi wangu, wa rangi ya kahawia, ambaye kiangazi hula mkononi mwa watoto, wakati huo hata mwanga haumshughulishi. Hivyo ndivyo samaki mzima anavyokuwa Januari. Anayekutia wasiwasi ni yule aliye peke yake juu, karibu na tundu, anavuta maji kwa haraka: huyo anakwambia oksijeni imepungua au gesi imejaa, na unatakiwa kupanua tundu siku hiyohiyo.

Njaa ya miezi mitano

Koi hana tumbo la kuhifadhi chakula kama letu. Ana utumbo mrefu, na utumbo huo hufanya kazi kwa kasi ya joto la maji. Maji yakiwa na nyuzi 20, chakula kinapita ndani ya saa chache. Yakiwa na nyuzi 8, kinakaa pale, na bakteria waliomo wanakimalizia kwa namna yao.

Ratiba yangu haina siri. Agosti na Septemba mapema, maji yakiwa bado juu ya nyuzi 18, nalisha vizuri chakula chenye protini, kwa sababu mafuta wanayoyaweka wakati huo ndiyo watakayoishi nayo. Kati ya nyuzi 15 na 10 nahamia chakula cha kiini cha ngano, kidogo, mara moja kwa siku, kisha siku moja moja. Chini ya 10, basi. Hata kama kesho yake jua litawaka wakapanda juu na kufungua midomo. Huku Novemba ina tabia ya kutoa siku mbili tatu za joto la kudanganya, na hizo siku ndizo zinazowaponza watu. Mtoto atakulilia, "Baba, wana njaa!" Mpe yeye biskuti.

Ambao hawawezi njaa hiyo ni vifaranga. Koi wa chini ya sentimita 12 au 15 aliyezaliwa mwaka huohuo hana akiba ya mafuta. Hao nawaingiza gerejini kwenye tangi la kunyweshea mifugo, la galoni 300, yaani lita 1,100 na kitu, lenye chujio lililoanza kufanya kazi kiangazi likiwa na bakteria wake tayari. Funika kwa wavu, maana koi huruka, na sakafu ya saruji haina huruma. Usiwahamishe kutoka maji ya nyuzi 6 kwenda ya 18 kwa mkupuo. Wahamishe mapema, Oktoba, wakati joto la nje na la ndani bado linakaribiana. Na huku ndani, maji yakiwa juu ya 10, watakula, watachafua, utabadilisha maji. Ni kazi ya kila wiki. Mwenye bwawa fupi atalazimika kufanya hivi kwa samaki wake wote, kwa tangi kubwa zaidi.

Majani na wezi

Wavu juu ya bwawa uwekwe kabla jani la kwanza la mti wa mepo halijaanguka, uinuliwe katikati ili majani yateleze pembeni. Yaliyokwisha kuingia yatoe na wavu wa mkono, pamoja na tope la chini. Nusu saa ya kazi hiyo Oktoba inafaa kuliko hita yoyote.

Korongo wa huku wengi huondoka kwenda kusini maji yakiganda, kwa hiyo wao ni tatizo la vuli na majira ya kuchipua. Wa kuogopwa wakati wa baridi ni minki, mnyama mwembamba anayefanana na nguchiro, anayeogelea chini ya maji na halali usingizi wa baridi. Tundu lako la hewa kwake ni mlango, na samaki waliopooza kwa baridi hawamkimbii. Ukiona nyayo ndogo kwenye theluji zikielekea bwawani, weka wavu wa waya mgumu juu ya tundu, wenye macho ya sentimita 2 na nusu, uubane kwa mawe mazito.

Umeme ukikatika kwa dhoruba, bwawa lenye tundu wazi na sakafu safi halina haraka. Pampu ndogo ya hewa ya betri, ile ya wavuvi wa chambo, inatosha kukusogeza hadi umeme urudi.

Aprili ndiyo mwezi wa kuogopa

Watu hupiga simu wakishangilia barafu imeyeyuka na samaki wote wapo. Nawaambia wangojee Mei.

Maji yanapopanda kutoka nyuzi 5 kwenda 15, bakteria kama Aeromonas huamka kabla kinga ya mwili wa samaki haijaamka. Samaki ametoka kwenye njaa, amedhoofu, ute wa ngozi yake umepungua. Vidonda vyekundu ubavuni, mapezi yaliyoliwa, magamba yaliyosimama, vyote huonekana wakati huu. Na chujio nalo limelala: wale bakteria wazuri wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, kuwa nitraiti na kisha kitu kisicho na madhara makubwa, hufanya kazi kwa uvivu mkubwa chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo ukianza kulisha kwa furaha, amonia na nitraiti vinapanda, hakuna wa kuvisafisha.

Mimi hufanya hivi. Barafu ikiondoka natoa uchafu wa chini, narudisha pampu na chujio siku ambazo usiku haugandi tena. Kila wiki nabadilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji, na maji ya bomba nayatia dawa ya kuondoa klorini kwanza. Uliza kampuni yako ya maji kama inatumia kloramini, maana hiyo haipungui kwa kuacha maji kwenye ndoo usiku kucha. Napima amonia na nitraiti kwa vile vichupa vya matone. Nitraiti ikionekana, natia chumvi kilo 1 kwa kila lita 1,000, inazuia sumu hiyo isiingie kwa wingi kupitia matamvua. Iwe chumvi tupu isiyotiwa dawa ya kuzuia kugandamana, na ile ya kuyeyushia barafu barabarani isikaribie bwawa hata kwa bahati mbaya, pamoja na maji yanayotiririka kutoka njia ya gari. Chakula cha kwanza, cha ngano, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili, natoa pale maji ya asubuhi yanapokaa juu ya nyuzi 10 wiki nzima mfululizo. Mwenye kidonda natenga na kumpigia daktari wa mifugo anayeshughulika na samaki. Antibiotiki za kubahatisha sizitii bwawani.

Ukiona yote haya hayakufai, hakuna aibu. Kuna maduka ya mabwawa na vyama vya wafugaji wa koi vinavyopokea samaki, na mara nyingi mtu wa mtaa wa pili mwenye bwawa kubwa atafurahi. Usiwapeleke ziwani. Kwa sheria za Minnesota ni kosa, na si kosa la karatasi tu: mwaka 2021 jiji la Burnsville lilitoa picha za samaki wa dhahabu waliotolewa Keller Lake wakiwa wakubwa kama mpira wa futiboli ya Kimarekani, wakifukua matope ya chini na kuchafua maji. Hao ni jamaa wa koi, na baridi za Minnesota hazikuwafanya lolote.